Usiku mmoja Lushoto ni shilingi ngapi?

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32, na usiku halishuki sana chini ya 25. Lushoto, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanuni ya wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mita 1,400 kwa kanuni hiyo ni nyuzi 9. Hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa na mtu wa Dar anayekwenda kupumzika mlimani, na uchambuzi huu unatafuta bei yake.

Tuchukue wanandoa wa mfano. Wote wawili ni waajiriwa jijini Dar, wana gari moja, na wamejenga nyumba ndogo ya vyumba vitatu Lushoto kwa shilingi milioni 60, kiwanja kikiwemo. Huenda huko mara nne kwa mwaka na kulala usiku 6 kila safari, jumla usiku 24. Si watu halisi. Takwimu za serikali zitatajwa kuwa ni za serikali. Nyingine zote ni makadirio, na msomaji mwenye namba zake aziweke mahali pa hizi.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yanayolalamikiwa zaidi. Kutoka Dar hadi Lushoto kupitia Bagamoyo, Msata, Segera, Korogwe na Mombo ni takriban kilomita 360, yaani 720 kwenda na kurudi. Tuseme gari linakwenda kilomita 10 kwa lita, kisha tuongeze lita 5 za kilomita 40 za mizunguko ya hapa na pale huko juu: Irente, Soni, sokoni. Jumla ni lita 77. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, petroli ya safari moja ni shilingi 231,000.

Bei hiyo ya 3,000 ni ya katikati. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na kwa Dar es Salaam petroli ilipanda hadi shilingi 3,410 Agosti 2022 na kuwa 2,793 Januari 2025. Kwa bei ya kwanza lita 77 ni shilingi 262,570, na kwa bei ya pili ni 215,061. Tofauti ni shilingi 47,509 kwa safari, au chini kidogo ya 200,000 kwa mwaka wa safari nne. Msomaji aishike namba hiyo, kwa sababu baadaye zitakuja nyingine zitakazoifanya ionekane ndogo.

Kuna wanaoamini kwamba mlima ndio unaomaliza tangi. Hili linapimika. Mombo iko kwenye mita 400 hivi, Lushoto 1,400. Gari linainuliwa mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Gari lenye watu wawili na mizigo lina uzito wa kilo 1,700 hivi, na kuliinua mita 1,000 kunahitaji megajuli 16.7 za nishati. Lita moja ya petroli ina megajuli 32, ila injini hufikisha kwenye magurudumu robo yake tu, yaani 8. Mlima wote, basi, unakula lita 2.1 za ziada, kama shilingi 6,300. Wakati wa kushuka gari likiwa kwenye gia ndogo, injini haidai karibu chochote, hivyo sehemu kubwa ya lita hizo hurudi. Kinacholipia mlima ni breki. Anayeshuka kutoka Soni hadi Mombo akiwa amekanyaga breki kona baada ya kona, hadi harufu ya moto inaingia dirishani, anatumia pedi zake kwa kasi ambayo barabara tambarare ya Msata isingeifikia.

Hapo tunaingia kwenye uchakavu, yaani thamani ambayo gari hupoteza kwa kutembea. Matairi manne ya shilingi 800,000 yakidumu kilomita 40,000, ni shilingi 20 kwa kilomita. Sevisi ya 200,000 kila kilomita 5,000 ni shilingi 40. Breki, shoki na bushi tuziwekee 30. Kushuka kwa bei ya gari lenyewe kwa sababu ya kilomita tu, bila kuhesabu umri, tukadirie 100. Jumla ni shilingi 190 kwa kilomita, mara kilomita 760 za safari nzima, sawa na 144,400. Hizi hazilipwi kituo cha mafuta, kwa hiyo hazikumbukwi, lakini zinaongeza asilimia 62.5 juu ya petroli. Gharama halisi ya barabara inakuwa shilingi 375,400 kwa safari. Bima haimo, kwa kuwa ingelipwa hata gari likilala Kinondoni mwaka mzima.

Basi ni nafuu kiasi gani? Viwango vya Desemba 2023 vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, viliweka nauli ya juu ya daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita ya lami, na daraja la kati 67.84. Kwa watu wawili, kilomita 360, kwenda na kurudi, daraja la kawaida ni kama shilingi 69,800 na la kati 97,700. Tuongeze 60,000 za bodaboda na teksi huko juu, na daraja la kati linafika 157,700. Gari linagharimu mara 2.4 ya hapo. Kwa safari nne basi lingeokoa shilingi 871,000 kwa mwaka. Basi, hata hivyo, haliwezi kubeba godoro jipya, ndoo mbili za rangi na kitasa cha mlango wa nyuma, na mwenye nyumba ya mbali hupanda na vitu vya namna hiyo karibu kila safari. Gari likiwa na watu wanne, kila mmoja anabeba shilingi 93,850 dhidi ya 78,850 za basi na mizunguko, na tofauti inakaribia kufutika.

Muda nao una hesabu yake, na hapa ndipo watu hudanganyana zaidi. Utasikia kwamba Dar hadi Lushoto ni saa tano. Tuseme kilomita 120 za njia hiyo ziko ndani ya makazi, ambako kibao kinasema 50. Hizo pekee ni saa 2 na dakika 24. Kilomita 33 za mlima, kwa mwendo wa 30, ni saa 1 na dakika 6. Jumla saa 3 na nusu. Anayefika kwa saa tano amebakiza saa 1 na nusu kwa kilomita 207, na hiyo ni kilomita 138 kwa saa bila kusimama hata kununua maji. Makazi yakiwa kilomita 80 badala ya 120, bado anatakiwa kwenda 107 muda wote. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba hakupunguza mwendo kwenye vibao. Faini ya kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, sawa na lita 10 za petroli, na kwenye barabara hii askari wenye tochi hawahitaji kutafutwa.

Kwa mwendo wa kibao, na 80 nje ya makazi, safari ni saa 6 na dakika 5. Chakula cha mchana Korogwe na kujaza mafuta huongeza dakika 45. Ni karibu saa 7 kila upande, 14 kwa safari, kabla ya kuhesabu foleni ya kutoka jijini. Ndani ya safari ya usiku 6, saa 14 ni asilimia 10 hivi ya muda wote. Ndani ya wikiendi ya kutoka Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, yenye saa 48, ni asilimia 29.

Kuna hoja ya mboga. Karoti, kabichi, viazi na, msimu ukifika, plamu na pichesi za kando ya barabara pale Soni ni rahisi kuliko Dar, na wapo wanaosema buti iliyojaa hulipa safari. Kama kila kilo inaokoa shilingi 500, kulipa 375,400 kunahitaji kilo 751. Hakuna gari dogo la watu wawili linalobeba hizo na kushuka Mombo salama.

Sasa nyumba. Tuanze na fedha zinazotoka mfukoni kila mwaka. Mlinzi anayekaa pale na kufyeka majani, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, ni 1,800,000. Matengenezo tuyaweke asilimia 2 ya thamani, yaani 1,200,000. Baadhi ya mafundi watasema asilimia 2 ni nyingi kwa nyumba mpya. Kwa Dar ningekubali. Lushoto nyumba iliyofungwa miezi mitatu hukutwa na kuvu nyeusi nyuma ya kabati, godoro linanuka unyevu, na mabati huanza kushika kutu kwenye misumari kabla ya kwingineko. Kaya inayoishi humo hupika, hufungua madirisha na kuikausha nyumba bila kujua inafanya kazi hiyo. Nyumba tupu haina wa kuikausha.

Kodi ya jengo ndiyo ndogo kuliko zote: shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka, inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Inajificha kwa namna yake. Wanandoa wanafika usiku, taa haziwaki, mmoja anatoa simu na kununua umeme wa 20,000. Tangu walipoondoka miezi mitatu imepita, kwa hiyo 4,500 zinakatwa kwanza. Uniti moja kwa mteja wa kawaida ina bei ya msingi ya shilingi 292; ukijumlisha VAT na tozo za REA, wakala wa umeme vijijini, na EWURA inakuwa kama 356. Zilizobaki 15,500 zinaleta uniti 43 badala ya 56, na mjadala wa kama mita ni mbovu huanza pale pale mlangoni. Maji, taa ya nje na mengineyo madogo tuyape 150,000. Jumla ya fedha za mfukoni inafika shilingi 3,168,000 kwa mwaka.

Gawanya kwa usiku 24 na kila usiku ni shilingi 132,000. Loji ya heshima Lushoto, chumba cha watu wawili na kifungua kinywa, tuikadirie 80,000; zipo za chini ya nusu ya hapo na zipo za mara mbili. Kabla hata ya kugusa gharama ya kujenga, kulala kwenye nyumba yao wenyewe kunawagharimu asilimia 65 zaidi ya kulala loji, na chai ya asubuhi wanajipikia.

Wengi huishia hapo, kwa hoja kwamba nyumba imeshajengwa na fedha yake imekwisha. Lakini shilingi milioni 60 zilizoko kwenye kuta zina gharama ya fursa, yaani mapato ambayo zingeleta kama zingewekwa mahali pengine. Hatifungani za muda mrefu za Serikali zimekuwa zikilipa riba ya tarakimu mbili. Tuchukue asilimia 12: milioni 60 zingeleta 7,200,000 kwa mwaka, bila mlinzi na bila kutu. Kwa upande wa pili, nyumba na kiwanja huenda vinapanda bei. Tukikadiria asilimia 5 kwa mwaka, hiyo ni milioni 3 za kupunguza, na gharama halisi ya mtaji inabaki 4,200,000.

Hiyo asilimia 5 inastahili kutiliwa shaka kuliko namba nyingine yoyote humu. Hatifungani ina soko linalotangaza bei. Nyumba ya Lushoto haina bei mpaka apatikane mnunuzi, na mnunuzi wa nyumba ya mapumziko ni mtu wa Dar, Tanga au Arusha mwenye fedha za ziada na moyo wa kuendesha saa saba. Wako wachache. Kupanda bei kwa kiwanja cha jirani kilichouzwa mwaka jana hakumaanishi kwamba nyumba yenye vyumba vitatu na dari lenye kuvu ingeuzwa kwa asilimia ile ile. Asiyeamini kabisa kwamba inapanda atumie 7,200,000 nzima.

Kwa 4,200,000, jumla ya mwaka inakuwa 7,368,000, na usiku mmoja ni shilingi 307,000. Kwa 7,200,000, jumla ni 10,368,000, na usiku mmoja ni 432,000. Safari moja ya usiku 6, kwa hesabu ya katikati, ni shilingi 1,842,000 za nyumba na 375,400 za barabara: jumla 2,217,400. Petroli, ile ya 231,000, ni asilimia 10 tu ya fungu hilo. Panda-shuka yote ya bei ya mafuta kati ya Agosti 2022 na Januari 2025 ni asilimia 2.

Chanzo cha namba hizi kubwa si nyumba kuwa ya anasa. Ni usiku 341 ambao haina mtu. Kila usiku mmoja unaotumika hubeba gharama ya usiku 14 wa nyumba kufungwa. Mlinzi, kwa hesabu hii, ndiye mkaaji, na wanandoa ni wageni wake.

Je, wangelala usiku mwingi zaidi? Tutafute kiwango cha kusawazisha, maana yake idadi ya usiku ambapo nyumba na loji zinagharimu sawa. Kwa fedha za mfukoni pekee ni 3,168,000 kugawanya kwa 80,000, karibu usiku 40 kwa mwaka. Ukiingiza mtaji ni usiku 92. Ukikataa kwamba nyumba inapanda bei ni usiku 130. Namba hizi zinategemea sana loji unayoilinganisha nayo: kwa chumba cha 160,000 usiku 92 unakuwa 46, na kwa cha 40,000 unakuwa 184. Anayetaka kuitetea nyumba yake ataichagua loji ya gharama, na mara nyingi hivyo ndivyo inavyofanyika.

Tatizo la usiku 92 ni sheria ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa ndani yake. Safari nne za siku saba ni siku 28 kamili. Kwa hiyo usiku 24 tulioukadiria si uvivu wa wanandoa hawa. Ni likizo yao yote, bila siku moja iliyobaki kwa harusi au kwenda kwa wazazi. Kufikia usiku 92 kungehitaji likizo ya miaka mitatu na zaidi ndani ya mwaka mmoja.

Zinabaki wikiendi. Usiku 68 uliopungua, kwa usiku 2 kila wikiendi, ni wikiendi 34 kati ya 52. Barabara ya wikiendi 34 inagharimu shilingi 12,763,600. Wangekuwa wametumia zaidi ya milioni 12 za gari ili nyumba ya milioni 7.4 kwa mwaka ionekane inatumika vizuri, na wangekaa barabarani saa 476, sawa na wiki 12 za kazi za saa 40.

Njia nyingine inayotajwa ni kupangisha. Kugharamia fedha za mfukoni kwa bei ya 80,000 kunahitaji usiku 40 wa wapangaji, jambo ambalo kwenye karatasi ni rahisi. Ila wageni wanataka Lushoto wiki ya Krismasi, Pasaka na Februari ya jasho, yaani usiku ule ule wanaoutaka wenye nyumba. Wakiuachia mgeni, wao wanalala wapi? Mei, wakati mvua za masika zinaleta maporomoko ya udongo kwenye barabara ya kutoka Mombo, kalenda iko wazi na simu haziiti. Tena mgeni anayelipa anataka mashuka meupe na maji ya moto, na mlinzi wa 150,000 hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Turudi kwenye nyuzi 9. Kiyoyozi cha chumba kimoja Dar tukikadirie kinatumia uniti 0.8 kwa saa, saa 10 kwa usiku: uniti 8, shilingi 2,850. Kwa usiku 90 wa kaskazi ni 256,500. Safari moja ya Lushoto kwa petroli peke yake ni sawa na usiku 81 wa kiyoyozi. Tukiongeza gharama ya kifaa na fundi, 1,200,000 kwa miaka minane, usiku mmoja unafika kama shilingi 4,500. Kikipunguza joto la chumba kwa nyuzi 6, kila nyuzi ni shilingi 750 hivi. Lushoto kwa loji, barabara ikiwemo, ni 855,400 kwa safari. Gawanya kwa usiku 6 na nyuzi 9, ni 15,800 kwa nyuzi. Kwa nyumba yao ni 41,100. Mara 21 ya kiyoyozi kwa loji, mara 55 kwa nyumba.

Kipimo hiki kina kasoro, na ni haki kuitaja. Kiyoyozi hakipozi ua wala barabara ya kwenda dukani, na hewa yake haina harufu ya msitu wa Magamba. Unyevu wa Dar unaufanya mwili uhisi joto kuliko kipimajoto kinavyosema, kwa hiyo nyuzi 9 za Lushoto ni zaidi ya 9. Tukubali ziwe 15 kwa hisia. Nyumba inashuka hadi 24,600 kwa nyuzi, bado mara 33 ya kiyoyozi. Hakuna namna ya kupanga namba hizi ambayo baridi peke yake inahalalisha matumizi. Kama wanandoa hawa hawajakosea, basi wananunua kitu kingine: ukimya, bustani, mahali pa kuitia familia. Hivyo vinaweza kuwa na thamani ya shilingi 307,000 kwa usiku. Ila wakiulizwa kwa nini walijenga, wataje hivyo, wasitaje joto.

Waliouanzisha mtindo huu walikuwa na hesabu tofauti. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao Wilhelm II, na reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Nyumba za serikali zilitunzwa kwa fedha za serikali, maofisa walipokezana humo, na kiyoyozi kilikuwa hakijafika Afrika Mashariki. Vigezo vyote vitatu vilivyofanya mlima uwe wa maana kifedha, yaani mlipaji mwingine, wakaaji wengi na kukosekana kwa njia mbadala, havipo kwa mwajiriwa wa Dar mwenye nyumba yake peke yake.

Kipo kipindi ambacho namba zinageuka. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mstaafu hana likizo ya siku 28. Anaweza kukaa Lushoto kaskazi yote. Kwa usiku 120 kwa mwaka nyumba ya 7,368,000 inakuwa 61,400 kwa usiku, chini ya loji, na safari zinapungua hadi mbili. Swali kwa wanandoa wenye miaka 45, basi, ni kama wajenge sasa au wasubiri miaka 15.

Wakijenga sasa, nyumba ikipanda asilimia 5 kila mwaka inafika milioni 124.7 wanapostaafu. Watakuwa wametoa mfukoni milioni 47.5 kwa miaka 15. Wakisubiri, milioni 60 zinakaa kwenye hatifungani na kuleta 7,200,000 kila mwaka. Wanatoa 1,920,000 za loji kwa usiku ule ule 24 na kuweka 5,280,000. Baada ya miaka 15 wana milioni 60 za mtaji na 79.2 za akiba, jumla 139.2, hata kama akiba hiyo haikuzaa senti. Wananunua nyumba ile ile kwa 124.7 na wanabaki na 14.5. Ukiongeza 47.5 ambazo hawakuzitoa, wamewazidi waliojenga mapema kwa milioni 62, zaidi kidogo ya bei ya nyumba nzima ya leo. Barabara ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo haimo. Gharama za mfukoni za nyumba na bei ya loji nimeziacha palepale kwa miaka yote. Zikipanda kwa kasi moja, pengo linapanuka, kwa kuwa anayemiliki analipa zaidi.

Ili waliojenga mapema wawe sawa na waliosubiri, nyumba ya milioni 60 ingepaswa kufika milioni 186.7, yaani kupanda kwa asilimia 7.9 kila mwaka kwa miaka 15 bila kukosa. Akiba ya wanaosubiri ikiwekwa nayo kwenye riba, kiwango hicho kinapanda zaidi.